Kumkosesha Panya Chuma Si Kazi Rahisi

Wanafunzi wanaokuja kuomba panya kwa utafiti wa upungufu wa damu karibu wote huja na dhana moja: ukitaka panya aishiwe damu, mpe chakula kibovu, subiri, basi. Ningekuwa na mamlaka ningewafungia kwanza kwenye stoo yetu ya chakula, wapime wenyewe kila kitu kilichomo. Chuma, madini ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, kiko kila mahali. Kiko kwenye vumbi, kwenye maji yaliyopita kwenye mabomba ya zamani, kwenye maranda ya kutandikia, kwenye waya wa kizimba, kwenye kifuniko cha chupa, hata kwenye chumvi za madini ambazo mtu amezinunua kwa bei mbaya akiamini ni safi. Panya mdogo anahitaji chuma kidogo mno, na hicho kidogo kikipenya kwa mlango wa nyuma, jaribio limekwisha.

Mimi ni fundi wa maabara kwenye nyumba ya wanyama ya chuo kimoja hapa Tanzania. Kabla ya hapo nilikulia Nyanda za Juu Kusini, kwenye nyumba ambayo ada za shule zilitoka kwenye banda la nguruwe. Haya ninayoandika yametoka pande zote mbili, na niseme mapema kwamba banda lilinifundisha mambo ambayo nyumba ya panya ilikuja kuyathibitisha tu.

Tuanze na chakula. Kile cha kawaida tunachowapa panya weupe, cha mahindi, pumba, mashudu na dagaa, kina chuma cha kumwaga. Hapo hakuna panya atakayepungukiwa na chochote. Kwa jaribio la chuma inabidi kuchanganya chakula upya kutoka kwenye vitu vilivyosafishwa: kazeini (protini ya maziwa), wanga, sukari, mafuta, nyuzinyuzi, vitamini, na mchanganyiko wa madini ambao chumvi ya chuma imeachwa nje. Wengi hufuata fomula ya Marekani ya mwaka 1993 inayoitwa AIN-93G. Ikiwa kamili huwa na miligramu 35 za chuma kwa kilo. Ukiacha chumvi ya chuma, bado kazeini na wenzake wanakuja na chao, na lengo huwa kubaki na miligramu 2 hadi 6 kwa kilo. Si sifuri. Sifuri haipo, na anayeandika kwenye ripoti yake kwamba chakula chake "hakina chuma" huwa namwomba anioneshe kipimo.

Kisha kuna tabia ya panya kula kinyesi chake mwenyewe. Kwake ni jambo la kawaida na lina faida, lakini kwako wewe maana yake ni kwamba chuma kilichotoka kinarudi mezani. Ndiyo maana panya hawa hukaa kwenye sakafu ya wavu ili mavi yadondoke chini, na wavu wenyewe lazima uwe wa stenlesi. Maji ni yale yaliyoondolewa madini. Hivi vyote unavisoma kwenye kitabu ukavielewa kwa dakika tano. Kuvitekeleza mahali ambapo umeme unakatika na mashine ya maji inasimama ni habari nyingine.

Wakati fulani tulikuwa na kundi ambalo panya wake wote walikuwa wanafifia kama inavyotakiwa, isipokuwa wa vizimba viwili. Masikio yao yalibaki mekundu, wanaruka, wanakula. Mtafiti alikwishaanza kuzungumzia tofauti za kinasaba. Mhudumu wetu wa wanyama, mzee ambaye shule aliiacha mapema lakini panya anawasoma kuliko sisi sote, alikaa jioni moja na taa imezimwa, anasikiliza. Kesho yake akaniita. "Mwanangu, hawa wamejifungulia duka." Alikuwa amesikia meno. Kwenye vizimba vile viwili kulikuwa na ndoano ya kushikia chombo cha chakula iliyokuwa imefungwa badala ya ile ya awali, ya chuma cha kawaida, na ilikuwa imeshika kutu. Panya walikuwa wanaiguguna usiku kucha. "Shikamoo tena, Mzee," nilimwambia, maana ya asubuhi haikutosha.

Tuliwatoa panya wale kwenye hesabu. Lakini niliendelea kuwaza: kwa nini waguguna kutu? Panya aliyepungukiwa na chuma hubadilika hamu. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani waliandika kwenye jarida la Science kwamba panya waliotolewa damu hadi wakapungukiwa walianza kupenda barafu kuliko maji ya kawaida, na damu iliporudi hamu hiyo ilipotea. Madaktari wanaijua hali hiyo kwa binadamu. Nami kila nikipita sokoni na kuwaona akina mama wajawazito wakinunua vijiti vya udongo, nawaza wekundu wa damu yao uko wapi. Bahati mbaya udongo huo mara nyingi hauwasaidii, na aina nyingine za udongo hukikamata chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe. Basi, nimetoka nje ya njia.

Panya anayeachishwa kunyonya akiwa na siku 21, akianza chakula hiki, huchukua kama wiki tatu hadi nne hemoglobini yake (kile chekundu cha damu kinachobeba oksijeni) kushuka hadi gramu 6 kwa desilita au chini yake, wakati wenzake wanaokula chakula kamili wana 13 au zaidi. Unaona kwa macho: masikio na nyayo zinapauka, manyoya yanakosa mng'ao, anakua polepole kuliko wenzake. Na hapa kuna mtego ambao watu wenye digrii nyingi wameingia. Panya wa gramu 60 ana damu ya mililita 4 hivi mwili mzima. Ukimtoa nusu mililita kila wiki ili umpime, basi wewe ndiye ugonjwa. Kundi lako la kulinganisha nalo litapungukiwa damu, si kwa chakula bali kwa sindano yako. Siku hizi tunatumia mashine ndogo inayosoma hemoglobini kwenye tone moja kutoka mkiani, na tunapima kwa nadra. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959 (badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu) zimebandikwa mlangoni. Lakini kwenye jambo hili huruma na hesabu zinasema kitu kimoja. Panya anayeteswa hatoi takwimu nzuri.

Jambo lililonifanya niipende kazi hii ni kujua kwamba panya hawa wana historia ndefu. Katika miaka ya 1920, pale Wisconsin, Marekani, watafiti Hart, Steenbock, Waddell na Elvehjem waliwalisha panya maziwa ya ng'ombe pekee. Maziwa yana chuma kidogo sana, panya wakapauka. Wakawapa chuma safi. Hawakupona. Wakawapa majivu ya ini, wakapona. Kwenye majivu kulikuwa na nini zaidi? Mwaka 1928 walitoa jibu: shaba. Mwili hauwezi kutumia chuma vizuri kutengeneza hemoglobini bila shaba kidogo. Fikiria wangefanya kazi na chuma kichafu kama chetu cha ile ndoano! Wangeona panya wanapona na wasingejua kamwe ni kwa sababu gani. Ndiyo maana nikichanganya madini, shaba ndiyo ninayoikagua mara mbili. Ukiisahau, unatengeneza ugonjwa mwingine unaofanana na huu.

Kazi kubwa iliyokuja kwetu ilikuwa ya unga. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani Tanzania unatakiwa kuongezwa virutubisho, chuma kikiwamo. Na takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionesha watoto 58 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano, na wanawake 45 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Si wote kwa sababu ya chuma. Malaria, minyoo na selimundu wamo. Hata hivyo mtu akitengeneza unga wa uji wa lishe, swali la kwanza ni: chuma ulichoweka kinaingia mwilini?

Kwa panya kipimo chake ni cha zamani na ni kizuri. Unawapunguzia chuma hadi wapauke, kisha unawagawa: hawa wanapata salfeti ya chuma, ambayo ndiyo kipimo cha kulinganishia, hawa wanapata chuma chako. Baada ya wiki mbili unaangalia nani hemoglobini yake imepanda zaidi. Unga wa chuma tupu, ule wa bei rahisi ambao viwanda huupenda kwa sababu hauharibu rangi ya chakula, mara nyingi hushindwa na salfeti, na panya wanaonesha hivyo waziwazi. Hapo panya ni shahidi wa kuaminika.

Ila mwulize panya kuhusu uji wenyewe, atakudanganya bila kupepesa macho. Nafaka na maharage yana fitati, kitu kinachokishika chuma tumboni kisipite. Chai ya rangi ina tanini, nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa binadamu haya ni mambo makubwa: mtoto anaweza kula chuma cha kutosha kwa hesabu ya makaratasi na akafyonza punje tu. Panya utumbo wake una kimeng'enya cha kuvunja fitati, tena cha kutosha. Anajitengenezea vitamini C mwenyewe kwenye ini, kitu ambacho sisi hatuwezi, ndiyo maana sisi tunahitaji chungwa au ndimu na yeye hahitaji. Mwaka 1991 Reddy na Cook waliwalinganisha binadamu na panya kwa milo ya aina moja, wakakuta kwamba vitu vinavyopandisha au kushusha sana ufyonzaji wa chuma kwa binadamu vilikuwa na athari ndogo, au havikuwa na athari kabisa, kwa panya. Nilipousoma utafiti huo nilikuwa nimekwisha ona matokeo mazuri mno ya unga wa mahindi yasiyokobolewa, mazuri kiasi cha kutia shaka. Hakukuwa na uongo kwenye vipimo. Panya walikuwa kweli wamepona. Ni kwamba uponaji wao haukuwa habari ya mtoto wa Dodoma anayekunywa uji huo. Kwa kweli kwa unga usiokobolewa Shirika la Afya Duniani linapendekeza aina ya chuma iliyofungwa na kemikali iitwayo EDTA, kwa sababu hiyo ndiyo inayohimili fitati, na pendekezo hilo halikutoka kwa panya.

Sasa niwapeleke bandani.

Nyumbani kwetu nguruwe walikuwa wakifukua uwanjani, na vitoto vyao havikuwa na shida ya damu. Baba alipojenga banda la sakafu ya saruji, la kisasa, kama bwana mifugo alivyoelekeza, vitoto vilianza kupauka vikiwa na wiki mbili au tatu. Vilikuwa vinene, vya kupendeza machoni, halafu vinahema kwa nguvu, na vingine vinakufa ghafla, hasa vile vikubwa. Jirani zetu walisema ni jicho. Bwana mifugo alimwambia baba, "Mzee, hao uliwanyima udongo," akachoma sindano za chuma.

Hesabu yake niliikuta chuoni. Kitoto cha nguruwe huzaliwa na akiba ya chuma kama miligramu 50. Kinahitaji kama 7 kwa siku kwa sababu kinakua kwa kasi ya ajabu. Maziwa ya mama yanampa 1. Akiba inaisha ndani ya siku chache. Porini au uwanjani udongo unajazia. Kwenye saruji hakuna wa kujazia. Watafiti wa Aberdeen, Uskoti, McGowan na Crichton, walionesha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba ugonjwa huu ni wa ukosefu wa chuma, na dawa ya sindano, chuma kilichofungwa na aina ya sukari iitwayo dekstrani, ikaja miaka ya 1950. Miligramu 200 msulini siku za mwanzo za maisha ndiyo desturi hadi leo. Yule kitoto kikubwa aliyekuwa akifa wa kwanza, aliyewachanganya majirani, ndiye aliyekuwa anakua haraka zaidi na kumaliza akiba mapema.

Ndiyo maana nguruwe ni mfano ambao hakuna mtu aliyelazimika kuubuni. Tumbo lake na ulaji wake wa kila kitu vinamsogeza karibu na mtoto wa binadamu kuliko panya. Mtoto wetu naye ananyonya maziwa yenye chuma kidogo, ila yeye huzaliwa na akiba ya miezi kadhaa. Na akiba hiyo inaongezeka mkunga akisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana kitovu. Wapo pia watafiti wa Poland waliotumia vitoto hivi kuhoji sindano yenyewe: mwaka 2010 walionesha kwamba dozi kubwa ya mara moja inaamsha hepsidini, homoni ya ini inayofunga mlango wa chuma, na kwamba dozi ndogo zilizogawanywa zinaponya damu kwa madhara machache. Mfugaji anayesoma hapa asikurupuke kubadili dozi kwa sababu yangu. Aongee na daktari wake wa mifugo. Na kama mama nguruwe amekosa vitamini E na seleniamu, sindano ya chuma inaweza kuua vitoto. Hilo nimelisikia kwa wafugaji kabla ya kulisoma.

Kwa nini basi tusitumie nguruwe kila wakati? Wanakula sana, wanahitaji nafasi, na wiki chache tu mbele hawabebeki. Kisha kuna sisi wenyewe. Wenzetu Waislamu kazini hawawezi kutakiwa kuwashika, na hilo linaheshimiwa bila mjadala. Ukipanga jaribio la nguruwe unapanga pia nani atakuwa zamu Jumapili. Hakuna kitabu cha mbinu nilichokiona kikiliandika hili, lakini kwenye bajeti ya chuo cha Afrika Mashariki lina uzito wake. Vifaranga vya kuku wa nyama ni njia ya kati: kule Cornell, Marekani, vimetumika sana kupima maharage yaliyozalishwa yawe na chuma kingi. Na kuku hana ugomvi na dini ya mtu.

Yapo maswali mengine ambayo panya ndiye bingwa wake. Mwaka 1976 Finch na wenzake wa Seattle waliwachukua panya waliopungukiwa na chuma, wakawabadilishia damu hadi hemoglobini ikalingana na ya panya wazima, kisha wakawakimbiza. Walishindwa kukimbia kama wenzao hata hivyo. Walipopewa chuma, uwezo ulirudi ndani ya siku nne hivi. Maana yake chuma hakiko kwenye damu peke yake. Kiko ndani ya msuli, kwenye vinu vidogo vya nguvu vya seli. Tangu niusome, nikimwona mama ameongezewa damu hospitali na bado anasema amechoka, simwoni mvivu. Mwaka 1975 Dallman naye, akiwa San Francisco, alionesha jambo zito zaidi: panya walionyimwa chuma wakiwa wachanga kisha wakatibiwa, damu na ini vilirudi sawa, ubongo ukabaki na chuma pungufu hadi utu uzima. Jaribio hilo huwezi kulifanya kwa mtoto wa mtu. Likifanywa na panya, likatufanya tuharakishe kumtibu mtoto, mimi naona panya yule hakupotea bure.

Vipanya, wale wa jamii ndogo kuliko panya wetu, waliobadilishwa jeni nao wana hadithi yao. Mwaka 2001 watafiti wa Paris walikuwa wakichunguza jeni inayohusiana na sukari, wakakuta vipanya wao wamejaa chuma mwilini. Walikuwa wamezima hepsidini bila kukusudia. Mwaka uliofuata wakatengeneza vipanya wenye hepsidini nyingi mno. Walizaliwa weupe, damu hakuna. Kuanzia hapo tukaelewa kwa nini mgonjwa ambaye mwili wake unapambana na maambukizi kama malaria anaweza kumeza vidonge vya chuma na visimfae: hepsidini imepanda, mlango umefungwa.

Hapo ndipo Pemba inapoingia. Jaribio kubwa la kuwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 chuma na asidi ya foliki, kisiwani ambako malaria wakati huo ilikuwa kali, lilisitishwa kwa upande wa chuma mwaka 2003, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2006: waliopewa chuma walilazwa au kufa zaidi kwa asilimia 12. Ndani ya utafiti huo huo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, na waliofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, walinufaika. Panya wetu wa nyumba safi, wasio na mbu wala minyoo, wasingeweza kutuambia hivyo hata tungewaweka elfu. Tunawalea bila maradhi makusudi ili tupate jibu moja lisilochanganyika, na usafi huo ndio unaowatenga na Pemba.

Mwaka jana kijana mmoja wa shahada ya uzamili alikuja na maharage ya aina mpya, anataka panya. Nilimuuliza anataka kujua nini. Akasema anataka kujua kama maharage haya yatawaongezea damu wasichana wa shule. Nikamweleza njia ya maharage ya Rwanda: yalipita kwanza kwenye seli za utumbo zilizooteshwa maabara, kwa kuku na kwa nguruwe, kisha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu kule Huye wenye chuma pungufu wakala maharage kwa siku 128, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016: walioyala yale ya chuma kingi walipanda hemoglobini na akiba ya chuma kuliko wenzao. Panya hawakuhitajika kujibu swali lile. Kijana akanyamaza kidogo, akaniuliza vifaranga wa siku moja wanauzwa shilingi ngapi siku hizi. Nilimpa namba ya mtu wa Kihonda anayetotolesha, nikamwambia asisahau kupima chuma kwenye maji ya kuwanyweshea.